Amri ya Mahakama Badala ya Wodi

Swali moja hurudi mara kwa mara katika kamati zetu za sharika: familia ifanye nini na mgonjwa wa akili anayekataa dawa? Je, ni kumlaza kwa lazima au kumwacha tu? Zipo nchi zilizojaribu njia ya tatu, nasi tunaweza kujifunza kwao.

Januari 1999, jijini New York, Marekani, mwanamke kijana aitwaye Kendra Webdale alisukumwa mbele ya treni akafariki. Aliyemsukuma alikuwa na skizofrenia na hakuwa akitumia dawa. Mwaka huohuo jimbo la New York lilitunga sheria ambayo hadi leo huitwa kwa jina la Kendra.

Chini ya sheria hiyo, ndugu, daktari au ofisa wa ustawi wa jamii anaweza kupeleka ombi mahakamani. Mgonjwa hupimwa na daktari na huwa na haki ya kutetewa na wakili. Jaji akiridhika, huamuru mgonjwa atibiwe akiishi nyumbani, kwa mpango ulioandikwa: dawa, kliniki na mtu wa kumfuatilia. Akikaidi, anaweza kupelekwa hospitali na kuzuiliwa hadi saa 72 ili achunguzwe. Amri yenyewe hairuhusu kumpa dawa kwa nguvu.

Je, inasaidia? Katika jaribio la Hospitali ya Bellevue, New York, wagonjwa wote walipewa huduma zilizoboreshwa, na baadhi yao wakaongezewa amri ya mahakama. Matokeo yaliyotolewa 2001 hayakuonyesha tofauti kubwa kati ya makundi hayo mawili. Utafiti wa North Carolina uliochapishwa 1999 uliona waliolazwa tena wakipungua, lakini pale tu amri ilipodumu miezi sita au zaidi na huduma zikatolewa mara kwa mara.

Tukumbuke pia kwamba yule aliyemsukuma Kendra alikuwa ameomba matibabu mara nyingi kabla ya siku ile. Jaji anaweza kumwamuru mgonjwa aende kliniki, lakini amri yake peke yake haileti muuguzi wala dawa.

Kwa hiyo, kabla ya kufikiria kumlazimisha mtu, kamati zetu na wafadhili wetu tujiulize: nani atamtembelea, dawa zitatoka wapi, na nauli ya kliniki atatoa nani?