Shule Zikifungwa Golbanti, Barua ya Mwalimu Mkuu Husomwa Pamoja na Mto

Jumatatu ya Aprili 29, 2024 ilikuwa siku ya kufungua shule kote Kenya. Sare zilikuwa zimefuliwa, masanduku ya waendao bwenini yamefungwa, na baadhi ya wanafunzi walikuwa tayari njiani. Usiku wa kuamkia siku hiyo Wizara ya Elimu ikatangaza kwamba ufunguzi umesogezwa mbele wiki moja, hadi Mei 6, kwa sababu ya mafuriko. Ijumaa ya Mei 3 Rais William Ruto akaahirisha tena, mara hii bila kutaja tarehe. Shule zikaja kufunguliwa Mei 13. Barua ambazo wazazi walikabidhiwa mapema Aprili, zenye siku ya kurudi iliyopigiwa mstari, zilikuwa hazina kazi tena.

Katika delta ya Tana mto umekuwa ukipanga ratiba tangu kabla wizara haijakuwapo. Golbanti iko kusini mwa mji wa Garsen, jirani na Ngao na Tarasaa, kwenye tambarare ambako Mto Tana, mrefu kuliko yote nchini Kenya, huanza kutanuka na kugawanyika ukielekea Bahari ya Hindi. Wapokomo hulima mpunga, mahindi, ndizi na maembe kandokando ya maji. Waorma huteremsha ng'ombe wao wakati wa kiangazi kwa njia za malka, yaani njia za mifugo kufika majini. Mafuriko ya 1961 bado yanasimuliwa na wazee. Ya 1997 na 1998 wanayakumbuka wazazi wa leo. Ya 2023 na 2024 wanayakumbuka hata watoto wa Gredi ya 5. Ndiyo maana karatasi ya kufunga muhula, ambayo mahali pengine mzazi huitupia jicho na kuiweka juu ya kabati, huku inastahili kusomwa mstari kwa mstari. Na ingefaa iandikwe hivyo pia.

Siku yenyewe ya kufunga haina mambo mengi. Watoto hupanga mstari, bendera hupandishwa, sala husomwa. Katika shule iliyo chini ya ufadhili wa kanisa, mchungaji au mwinjilisti hupewa dakika zake, na akiwa mzungumzaji zikawa nusu saa, hakuna wa kumkatiza. Waliofanya vizuri hupigiwa makofi na kupewa madaftari, kalamu, pengine sahani au beseni. Kisha mwalimu mkuu husoma matangazo: tarehe ya kufungua, sare, madaftari, deni la chakula, mkutano wa wazazi. Mwisho hutolewa ripoti, na hapo ndipo kina mama waliokaa chini ya mwembe hunyanyuka na kuvuta karibu.

Swali linaloulizwa kwanza ni lile lile la tangu zamani: "Mwalimu, mtoto wangu amekuwa namba ngapi?" Mwalimu hulazimika kueleza upya. Mtihani wa KCPE, ulioanza 1985, ulifanywa kwa mara ya mwisho 2023, na mtaala wa umilisi ulioingia madarasani 2019 haumtaki mwalimu kupanga watoto kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Ripoti husema kama mtoto amezidi matarajio, ameyafikia, anayakaribia au yuko chini ya matarajio, somo kwa somo. Mzazi aliyezoea kusikia "namba tatu kati ya arobaini" huona kama amefichwa jambo. Kwa kweli amepewa habari zaidi, ila ni lazima aulize swali jingine: ni nini hasa ambacho mtoto hawezi kukifanya bado? Mtoto aliye chini ya matarajio katika kusoma Kiswahili anahitaji mtu wa kusoma naye jioni wakati wa likizo, na mtu huyo si lazima awe mwalimu.

Neno ufadhili katika shule hizi lina historia ndefu. Wamethodisti wa Uingereza, miongoni mwao Thomas Wakefield, walifika Ribe, nyuma ya Mombasa, mwaka 1862, na shabaha yao kubwa ilikuwa kuwafikia Waoromo wa huku kaskazini. Kituo cha Golbanti kilianzishwa katikati ya miaka ya 1880. Mei 1886 mmisionari John Houghton na mkewe Annie waliuawa hapo pamoja na waumini wenyeji katika uvamizi wa Wamaasai. Mwaka uliofuata Mjerumani Ferdinand Würtz wa misheni ya Neukirchen alianza kazi Ngao, miongoni mwa Wapokomo. Baadaye kazi ya Wajerumani ikaja kuchukuliwa na Wamethodisti, na Kanisa la Methodist nchini Kenya likapata mamlaka yake kamili 1967. Kila mahali misheni ilipotia mguu, darasa lilifuata kanisa, wakati mwingine chini ya paa moja.

Sheria ya Elimu ya 1968 ilibadilisha mambo. Serikali ilichukua shule za misheni, ikalipa walimu, na makanisa yakabaki wafadhili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeandika kazi ya mfadhili waziwazi: kuwa na sauti katika usimamizi wa shule, kusimamia malezi ya kiroho pamoja na kuweka kasisi kwa gharama ya kanisa lenyewe, na kusaidia kwa fedha na majengo. Kuna sharti moja ambalo husahaulika katika hotuba za siku ya kufunga: malezi hayo yalinde imani ya watoto wa dini nyingine.

Deltani sharti hilo si la kinadharia. Wapokomo wengi wa huku chini ya mto ni Wakristo. Waorma karibu wote ni Waislamu. Na watoto wao hukutana darasa moja. Wapo wanaosoma elimu ya dini ya Kikristo na wapo wanaosoma ya Kiislamu. Mwaka 2025 kalenda ilizikutanisha dini hizo mbili karibu na siku ya kufunga. Idd-ul-Fitr ilisherehekewa Jumatatu, Machi 31, muhula wa kwanza ukafungwa Ijumaa ya wiki hiyo hiyo, Aprili 4, na Pasaka ikaangukia Aprili 20, katikati ya likizo. Mwalimu mkuu mwenye busara huandika sikukuu zote mbili katika barua moja. Eneo hili lilipoteza zaidi ya watu mia moja katika mapigano ya 2012 na mwanzoni mwa 2013 baina ya jamii za wakulima na wafugaji, na shule ni mojawapo ya mahali pachache ambapo watoto wa pande zote mbili huendelea kuitana kwa majina.

Sehemu ya barua inayozua minong'ono ni ile ya pesa. Elimu ya msingi katika shule za umma imekuwa bila karo tangu Januari 2003, na serikali hutenga shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mtoto wa shule ya msingi. Ni fedha kidogo, na mara nyingi huchelewa. Hivyo barua huomba mchango: wa mpishi, wa kuni, wa maji, wa mlinzi. Sheria ya 2013 inaruhusu malipo mengine yaliyoidhinishwa na waziri kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, lakini inakataza mtoto kunyimwa masomo kwa sababu mzazi hajalipa. Mzazi wa Golbanti anayeambiwa kwamba mtoto asirudi mpaka deni liishe ana haki ya kuuliza, kwa adabu, ni kifungu gani kinachosema hivyo. Shule inayofadhiliwa na kanisa ingetegemewa kuwa ya kwanza kutomfukuza mtoto maskini, na pale mambo yanapokwenda kinyume, mchungaji aliyesali asubuhi hana budi kuulizwa pia.

Tuisheni ya likizo nayo imepigwa marufuku na sheria hiyo hiyo. Atakayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Inapoitwa majina mengine, kama "mafunzo ya ziada" au "kambi ya masomo", haibadiliki kuwa halali. Hili halihusu madarasa ya Biblia ya wakati wa likizo kanisani, wala mikutano ya Boys' Brigade na Girls' Brigade ambayo Wamethodisti huwa nayo. Huko watoto huenda kwa hiari, huimba, hucheza mpira, na hakuna anayewafundisha hesabu kwa malipo.

Tukirudi kwa mto, hapa ndipo barua nyingi hupungukiwa. Maji yanayofunika delta mara nyingi hayatoki kwenye mvua ya delta. Huanzia kwenye miteremko ya Mlima Kenya na safu ya Aberdare, yakapitia mabwawa matano ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga ikijaa hadi mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari, maji huanza kumwagika, na baada ya siku kadhaa Tana huvimba Garsen na Golbanti huku jua likiwaka na anga ikiwa safi kama iliyopigwa deki. Mtoto anaweza kwenda kuchota maji asubuhi mahali alipochota jana na kukuta ukingo haupo. Tangazo la mabwawa husomwa redioni na katika taarifa za kampuni ya umeme. Lingestahili kusomwa pia mbele ya mstari wa wanafunzi, likizo ya Aprili inapoanza katikati ya masika.

Mamba na viboko hawahitaji kutangazwa, kila mtoto wa hapa anawajua. Kinachohitaji kutajwa ni mazoea. Likizo ndefu ya Novemba na Desemba hukutana na mvua za vuli na msimu wa maembe, watoto wakawa shambani na mtoni tangu alfajiri. Vuli ya 2023 ilikuja na El Niño, barabara ya Garsen kwenda Lamu ikakatika upande wa Gamba na Lango la Simba, abiria wakavushwa kwa mashua. Jumapili ya Aprili 28, 2024, siku moja kabla ya ile tarehe ya kufungua, mashua iliyobeba abiria ilizama Kona Punda, eneo la Madogo, juu zaidi katika kaunti hii hii, na watu wakafa. Kumwambia mtoto asiingie chombo kilichojaa kupita kiasi, na asipande bila mtu mzima, ni ukumbusho wenye uzito kuliko ule wa rangi ya soksi. Maji yakipungua huacha madimbwi, na madimbwi huleta mbu. Chandarua na safari ya mapema kwenda hospitali ya Ngao mtoto akipata homa ni mambo mawili yasiyogharimu nafasi kubwa kwenye karatasi.

Kuna jambo jingine ambalo walimu hulisema kwa sauti ya chini. Shule ikifungwa, jiko la shule nalo hufungwa. Kwa familia zisizo na mavuno, mlo wa mchana wa shuleni, mahindi na maharagwe, ndio mlo wa uhakika wa siku. Ndiyo sababu siku ya kufungua watoto wengine hufika mapema kuliko mwalimu wa zamu. Kanisa lenye ghala dogo la nafaka linaweza kusaidia zaidi wakati wa likizo kuliko wakati wa muhula, na hapo kifungu cha sheria kuhusu msaada wa mfadhili kinapata maana ambayo mama mwenye watoto wanne anaielewa mara moja.

Wenye watoto wakubwa wana habari zao pia. Tangu 2023 sekondari ya chini imewekwa ndani ya viwanja vya shule za msingi, kwa hiyo barua ya Golbanti leo huweza kumhusu mtoto wa chekechea na kaka yake wa Gredi ya 9. Tathmini ya Gredi ya 6, KPSEA, haimzuii mtoto kuendelea, lakini huchangia asilimia 20 ya alama zitakazompangia shule ya sekondari ya juu. Asilimia 20 nyingine hutoka kazi za darasani za Gredi ya 7 na 8, na 60 mtihani wa Gredi ya 9, uliofanywa kwa mara ya kwanza 2025. Mzazi anayedhani Gredi ya 7 ni mwaka wa kupumzika anapoteza alama bila kujua.

Na kabla ya yote hayo kuna cheti cha kuzaliwa, ambacho familia nyingi za delta hazina, au zilikuwa nacho kikachukuliwa na maji. Kwa miaka kadhaa mtoto aliyekosa nambari ya cheti cha kuzaliwa alishindwa kuingizwa katika mfumo wa kielektroniki wa wizara, na asiyekuwamo humo hakuhesabiwa katika mgao wa fedha za shule. Wanaojua mto hufunga cheti, ripoti na kadi ya kliniki ndani ya karatasi ya plastiki ya mkate, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku 2017, wakavining'iniza darini. Asiyekuwa na cheti ana wiki tatu za Aprili, tatu za Agosti, au zaidi ya miezi miwili ya mwisho wa mwaka kukitafuta. Safari huanzia kwa naibu wa chifu, ambaye ofisi yake haifungi muhula.