Dawa Inayodaiwa Kushika Mahali pa Mazoezi

Khabari zimeenea siku hizi, hata huku kwetu Kiomboi ambako karibu kila kijana ana simu mkononi, kwamba wataalamu wamevumbua dawa ambayo mtu akiimeza ataupata mwili wa mkimbiaji na hali amejilaza kitandani. Wako na wanaoitangaza kwa bei. Wazee wenye maradhi ya kisukari wauliza kama waingoje. Vijana wauliza yapatikana wapi. Maswali hayo mawili yastahili majibu, maana la kwanza laweza kumgharimu mtu miguu yake, na la pili laweza kumgharimu uhai wake.

Yafaa ieleweke kwanza kuwa khabari yenyewe si uzushi mtupu. Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe hai ndogo mno, na ndani ya chembe za misuli mna meko madogo yasiyoonekana kwa macho, yaitwayo mitokondria, ambamo sukari na mafuta huunguzwa ili kupata nguvu. Mtu apandapo mlima wa Sekenke kwa miguu, akiba ya nguvu iliyomo ndani ya chembe hizo hupungua. Hapo huamka kimeng'enya kimoja ambacho wataalamu hukiita AMPK, na kazi yake ni kama ya mama wa nyumba aonaye unga umefika chini ya mtungi. Huamuru matumizi yasiyo ya lazima yasimamishwe, sukari iingizwe kutoka katika damu, na mafuta yaliyowekwa ghalani yatolewe yakachomwe. Njaa nayo hukiamsha kimeng'enya hicho hicho. Mtu akiirudia kazi hiyo siku baada ya siku, chembe huongeza meko yake, na ndiyo sababu aliyezoea kupanda mlima hachoki upesi kama mgeni.

Basi wataalamu wakajiuliza: amri ile ikitolewa na dawa badala ya mlima, je, chembe itatii?

Mwaka 2008 Ronald Evans na wenzake wa Taasisi ya Salk, huko California, Marekani, walitoa jibu lao la kwanza. Walichukua panya wasiofanya zoezi lolote, wakawapa kwa muda wa majuma manne dawa iitwayo AICAR, ambayo huamsha AMPK. Panya wale walipowekwa juu ya mkanda wa kukimbilia, walikimbia kwa asilimia 44 zaidi ya wenzao ambao hawakupewa kitu. Dawa ya pili, GW501516, ambayo hugusa swichi nyingine ndani ya chembe, ilileta ajabu ya namna yake. Panya waliopewa dawa hiyo bila ya kufanyishwa mazoezi hawakupata faida yoyote ya mbio. Lakini waliopewa dawa wakafanyishwa na mazoezi, uwezo wao ulipanda kwa karibu asilimia 70. Mwaka 2017 kundi hilo hilo lilirudia jambo hili kwa kipimo kikubwa zaidi na kwa majuma manane. Safari hii panya waliokaa bure wakapewa dawa walikimbia dakika 270 kabla ya kuishiwa nguvu, ilhali wasiopewa waliishia dakika 160. Chembe zao zilijifunza kuunguza mafuta na kuiweka akiba sukari kwa ajili ya ubongo.

Mtu asomaye mpaka hapa atasema, Basi dawa imepatikana. Lakini khabari zinazosambazwa katika simu hukomea hapo hapo, na yaliyo muhimu kabisa hayaelezwi.

Dawa hiyo ya GW501516 ilikuwa imekwisha kushughulikiwa na kampuni kubwa ya dawa ya GlaxoSmithKline, yenye makao yake Uingereza, ambayo ilitaraji kuitumia kwa wagonjwa wenye mafuta mabaya katika damu. Kampuni iliiacha. Sababu ni kwamba wanyama waliopewa dawa hiyo kwa muda mrefu walipata saratani, tena si katika kiungo kimoja bali katika viungo vingi. Si kitu kigumu kuelewa jinsi jambo kama hilo linavyoweza kutokea: dawa iliyoundwa ili iamrishe chembe ibadili mwendo wake haiamrishi msuli wa mguu peke yake, bali hupita na damu ikabisha hodi kila mahali. Zoezi la mguu, kinyume chake, huanza kazi kwenye mguu ulioufanyisha kazi, na mtu akichoka hupumzika, na amri ikakoma.

Pamoja na hayo, dawa iliyokataliwa na wenye kiwanda haikufa. Watu wengine waliitengeneza kwa siri na kuiuza, mara nyingi kwa jina la Cardarine. Tangu mwaka 2009 dawa hizi mbili zimekuwamo katika orodha ya vitu walivyokatazwa wanamichezo, na mwaka 2013 Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa za Kuongeza Nguvu Michezoni lilichukua hatua isiyo ya kawaida: liliwaonya hata wale wadanganyifu wenyewe, kwamba GW501516 imeonekana kuwa na sumu na wasiiguse. Shirika ambalo kazi yake ni kuwakamata wezi likiwaonea huruma wezi, mtu mwenye akili yampasa asimame afikiri.

Ukiitazama chupa ya wauzaji hao utakuta mara nyingi imeandikwa kwamba kitu hicho ni cha utafiti tu, si cha kutumiwa na binadamu. Muuzaji ameandika hivyo ili ajikinge na sheria. Yeye na mnunuzi wote wawili wajua kitaingia tumboni mwa nani.

Ziko dawa mpya zaidi. Mwaka 2023 Thomas Burris na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida walieleza habari za kitu kiitwacho SLU-PP-332, ambacho kiliwafanya panya wanene wapungue uzito bila ya kupunguziwa chakula wala kuongezewa mazoezi. Mwaka 2024 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, walitangaza kitu walichokiita LaKe, chenye kuiga hali ya damu ya mtu aliyekimbia sana na tumbo tupu. Nacho walikijaribu kwa panya. Kati ya hizi zote nilizozitaja, hakuna hata moja iliyoruhusiwa na mamlaka ya dawa ya nchi yoyote kuwa badala ya mazoezi.

Wala isidhaniwe kwamba wataalamu hao ni watu wa kuwatafutia wavivu starehe. Yuko mzee aliyevunjika nyonga, ambaye misuli yake hunyauka kila siku anayolala. Yuko mtoto aliyezaliwa na maradhi ya kudhoofika misuli, ambaye zoezi lenyewe laweza kumzidishia madhara. Yuko mgonjwa wa moyo ambaye hatua ishirini za kwenda uani humwacha akihema. Hao ndio hasa waliokusudiwa. Mwenye kuwauguza watu wa namna hiyo nyumbani hatacheka akisikia kuwa siku moja yaweza kupatikana dawa ya kuihifadhi misuli yao, na sisi hatuna budi kuwaombea Mwenyezi Mungu watafiti hao wafanikiwe.

Ama kwa mwenye miguu mizima, jambo ni jingine, na ushahidi wake uko karibu nasi kuliko tunavyodhani.

Jirani zetu wa upande wa kaskazini, katika nchi za Mkalama na bonde la Ziwa Eyasi, wako Wahadzabe, ambao wazee wetu waliwaita Watindiga. Baadhi yao bado waishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuokota ubuyu na matunda ya porini, na kurina asali. Kwa muda wa miaka mingi wataalamu wa Marekani wamekuwa wakikaa nao. Mwaka 2017 David Raichlen, Herman Pontzer na wenzao walichapisha vipimo walivyovichukua kwa kuwafunga Wahadzabe vyombo vya kuhesabu mapigo ya moyo. Ilionekana kwamba mtu mzima wa Kihadzabe hufanya mwendo wa kuupa moyo kazi kwa muda wa dakika 135 hivi kila siku, wazee nao wakiwamo. Shirika la Afya Duniani huwaomba watu wazima dakika 150 kwa juma zima. Na juu ya kuwa asali ndicho chakula wakipendacho kuliko vyote, dalili za maradhi ya moyo hazikuonekana kwao.

Lakini jambo la kushangaza zaidi lilikuwa limepatikana mwaka 2012. Pontzer na wenzake walipima ni nguvu kiasi gani mwili wa Mhadzabe huunguza kwa siku, wakitaraji kukuta kiasi kikubwa mno kuliko cha Mmarekani aketiye ofisini. Baada ya kuzingatia ukubwa wa miili yao, wakakuta ni sawa! Pontzer aeleza kwamba mwili una bajeti yake: ukitumia zaidi katika kutembea, hupunguza mahali pengine, kama vile kwenye uvimbe wa ndani usioonekana ambao huichakaza mishipa ya damu. Ikiwa ndivyo, basi faida kubwa ya kutembea si kuunguza mafuta, na dawa inayosifiwa kwa kuunguza mafuta imeiga kipande kimoja tu cha kazi. Dawa hiyo haimfundishi mzee kusimama imara asianguke. Haiubebeshi mfupa uzito unaoufanya ukaze. Nayo haimtoi mtu chumbani akakutana na wenziwe.

Mwaka 2020 Raichlen na wenzake waliongeza jambo ambalo linatugusa sisi wa mikeka na majamvi. Wahadzabe hupumzika sana, yapata saa kumi za mchana wakiwa wametulia. Si watu wa kuhangaika tangu asubuhi hadi jioni. Ila mara nyingi hupumzika kwa kuchuchumaa au kupiga magoti, na hali hiyo huiacha misuli ya miguu ikifanya kazi kidogo kidogo, tofauti na kiti ambacho huilaza kabisa. Tusiwapambe kupita kiasi: watoto wao wengi hufa kabla ya kukua, na hakuna mzazi atakayetamani hilo.

Sasa turudi kwa mzee wetu wa kisukari. Vidonge vya metformini anavyopewa hospitalini navyo huiamsha AMPK, ijapokuwa kwa njia ya kuzunguka, na vimesaidia mamilioni ya watu. Kwa hiyo swali la dawa na miguu limekwisha kupimwa kwa watu, si kwa panya. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2002 huko Marekani. Watu 3,234 waliokuwa karibu kuugua kisukari waligawanywa. Baadhi walipewa metformini. Wengine walitakiwa watembee au wafanye zoezi mfano wake dakika 150 kwa juma, wale kwa kiasi, na wapunguze uzito kidogo. Waliopewa dawa, maradhi yalipungua kwao kwa asilimia 31. Waliotembea na kupunguza uzito, yalipungua kwa asilimia 58. Na kwa wale waliopita miaka 60 yalipungua kwa asilimia 71. Wengi wetu twadhani mzee amekwisha pitwa na wakati wa mazoezi, kumbe ndiye aliyefaidi zaidi.

Na haja ni kubwa. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake walichapisha vipimo vya watu wa vijiji sita vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, na wenye kisukari hawakufika hata mtu mmoja katika kila 100. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012, miongoni mwa watu wazima wa miaka 25 hadi 64, walikuwa karibu 9 katika kila 100. Namna ya kupima na umri wa waliopimwa vyatofautiana, lakini mwelekeo hauna shaka. Chakula kimebadilika, mafuta na sukari vimezidi, na miguu imestaafishwa. Hata msikitini, mwendo wa dakika kumi, twapanda pikipiki kisha twagombana na kijana wa watu juu ya nauli.

Sisemi haya kwa mama anayechota maji mbali na kurudi na ndoo kichwani. Huyo hana haja ya kuhubiriwa mazoezi. Ana haja ya kupunguziwa mzigo. Nawasemea waketio dukani, ofisini, na sisi waalimu pia.

Mwenye kutaka kuanza, dakika 30 za mwendo wa haraka kidogo, siku tano katika juma, zatosha kutimiza zile 150. Tena si lazima zifuatane. Asiache dawa alizoandikiwa na daktari kwa kuwa ameanza kutembea, wala asizipunguze mwenyewe. Ajichomaye insulini achukue kitu kitamu mfukoni, kwa kuwa sukari yaweza kushuka njiani. Mwenye kusikia maumivu ya kifua asimame, aende hospitali. Na mwenye kisukari avae viatu visivyombana, arudipo azitazame nyayo zake au atazamiwe na mjukuu, maana ganzi humfanya asisikie mwiba. Na kama ana kidonda unyayoni asitembee mpaka kipone, bali aifanyishe mikono kazi akiwa ameketi.