Taya Lililofungwa kwa Waya

Hapa Kirungu, juu ya Moba, wengi ninaowapokea na taya lililovunjika wameanguka na pikipiki. Kwanza naangalia pumzi. Kisha nauliza: meno yanakutana kama zamani? Jibu hilo lina thamani kubwa mahali picha ya eksirei haipatikani.

Mabamba ya titani ya kuunganisha mfupa hatuna. Tunafunga meno ya juu na ya chini kwa waya, wiki 4 hadi 6, mgonjwa akinywa uji mwepesi. Koleo la kukatia waya hukaa kando ya kitanda. Akitapika usiku, ndugu anayemlinda lazima ajue pa kukata. Hilo silifanyii mzaha.

Nanyi mnaookota majeruhi barabarani: mwenye damu mdomoni msimlaze chali. Akiwa na fahamu, aketi ameinama mbele. Akizimia, mlazeni kwa ubavu.