Kompyuta ya Hesabu za Kahawa Isitupwe

Ikiwa kijijini kwenu huko Tengeru hesabu za kahawa hutunzwa katika kompyuta ya mkononi, nayo kila asubuhi huchelewa kuamka mpaka chai inachemka, msiitupe. Mara nyingi kilichochoka ni diski tu.

Diski ya zamani ina sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kidogo hupita juu yake kikisoma. Ikitikiswa ndani ya gari ingali inazunguka, kichwa chaweza kuikwaruza sahani, na hesabu zikapotea. Diski ya siku hizi, iitwayo SSD, haina kitu kinachozunguka.

Tutazame ThinkPad T430, kompyuta ya ofisini iliyotoka mwaka 2012. Kwanza kabisa nakili kila kitu katika diski mpya kwa waya wa USB na programu ya kunakilia. Nakili hesabu tena mahali pengine, ukazifungue uone kama zimo. Mtu akikuharakisha hapa usimsikilize. Fedha za wajane zimo humo.

Kisha zima, chomoa umeme, toa betri. Fungua skrubu moja ya kifuniko cha ubavuni, uivute diski polepole. Vua mipira yake miwili, uivike diski mpya yenye unene wa milimita 7, uisukume mpaka ikae. Kazi hii ifanyie ndani, si uani penye vumbi la kiangazi.

Diski ya zamani usiiuze, maana ina majina na madeni ya watu. Ifungie sandukuni mpaka malipo ya msimu yaishe.