Watoto Wanaokaribia Kubalehe na Hatari za Mtandao

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, katika Wilaya ya Isingiro kusini magharibi mwa Uganda, ni ya zamani kuliko uhuru wa nchi hiyo. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kuwapokea wakimbizi wa Rwanda, na leo yanawahifadhi watu zaidi ya laki moja waliotoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na Eritrea. Wengi wao ni watoto. Hatari moja inayowakabili watoto hao haikuwapo wakati makazi yalipofunguliwa, nayo ni ile ya watu waovu wanaowatafuta watoto kwa njia ya intaneti.

Katika familia nyingi za Nakivale simu moja hutumiwa na watu wote wa nyumba. Simu hiyo si anasa. Ndiyo inayoleta sauti ya bibi aliyebaki Goma na ya mjomba aliyehamishiwa Marekani. Ndiyo inayopokea fedha. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba dawa ya hatari za mtandao ni kumnyima mtoto simu, anatoa shauri juu ya nyumba asiyoijua. Tena aghalabu mtoto ndiye fundi wa simu hiyo. Baba aliyesoma kwa Kifaransa au kwa Kiswahili humwita binti yake wa miaka 12 amsomee ujumbe ulioandikwa kwa Kiingereza, amfungulie akaunti, hata amchagulie neno la siri. Katika jambo hili moja mtoto amemtangulia mzazi, na wote wawili wanajua hivyo.

Mtoto mdogo hutafuta michezo na vikatuni. Mtoto anayekaribia kubalehe hutafuta watu. Mwili unabadilika, haya zinaingia, na maswali yanazidi siku hadi siku. Katika jamii za Ankole, kama katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, maswali ya msichana yalikuwa na mwenyewe, naye ni shangazi. Lakini ukimbizi huwatawanya mashangazi. Mmoja yuko Bukavu, mwingine Nairobi, wa tatu hajulikani alipo. Hata kwa familia zisizo za wakimbizi katika jiji la Mbarara, shangazi yuko kijijini na mpwa wake yuko mjini. Swali ambalo mtoto anaona aibu kumwuliza mama yake analiuliza simu, na mara nyingi anayejibu ni mtu ambaye mtoto hamjui nia yake.

Mtu huyo hana haraka. Huanza katika kundi la wazi, pengine la nyimbo au la mpira, kisha humwalika mtoto wazungumze faraghani. Humsifu, humtumia bando la intaneti, humwambia kwamba yeye ni mkubwa kuliko umri wake. Halafu huomba siri ndogo, na baadaye siri kubwa zaidi, mpaka inaombwa picha ya utupu. Picha ikishatumwa, maneno hubadilika siku hiyo hiyo: toa nyingine, au leta fedha, au njoo tuonane, la sivyo picha hii itamfikia baba yako.

Katika Nakivale chambo kina sura yake. Familia zimengoja miaka mingi kupelekwa nchi ya tatu, na baada ya Marekani kusimamisha upokeaji wa wakimbizi Januari 2025, wengi waliokuwa wamekaribia kusafiri walibaki walipo. Mwaka huo huo Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, kwa upungufu wa fedha, liliwaondoa karibu wakimbizi milioni moja wa Uganda katika orodha ya wapokeao msaada. Katika hali kama hiyo, mtu anayejitambulisha kuwa yuko Kanada na kwamba anaweza kusukuma faili, au kutafuta nafasi ya masomo, husikilizwa na mtoto, na pengine hata na mzazi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi limetangaza mara nyingi kwamba huduma zake zote, pamoja na kuhamishiwa nchi nyingine, hazilipiwi chochote. Mtoto hana budi kuambiwa wazi kwamba hakuna afisa wa kweli atakayemwomba picha.

Si kwamba mwovu yuko ng'ambo daima. Uchunguzi wa ECPAT, INTERPOL na UNICEF, ambao taarifa yake juu ya Uganda ilitolewa mwaka 2021, uliwahoji watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti. Ulionyesha kwamba mara nyingi aliyemdhuru mtoto alikuwa mtu ambaye mtoto alimfahamu tangu hapo. Ulionyesha pia kwamba ni wachache sana waliokwenda polisi. Wengine walimwambia rafiki, na wengine walinyamaza kabisa.

Kunyamaza huko ndiko kiini cha mambo. Tishio la kumpelekea baba picha lina nguvu kwa sababu mtoto anamwogopa baba kuliko anavyomwogopa mwovu. Anajua kwamba akisema atapigwa, atanyang'anywa simu, na jina lake litazungumzwa kisimani. Kwa hiyo anatuma picha ya pili. Mzazi anayetangaza kwamba siku atakapoona upuuzi katika simu ataivunja, bila kukusudia amemsaidia adui wa mtoto wake. Afadhali aseme mapema, kabla ya balaa lolote, kwamba mtoto akitishwa na mtu yeyote aje aseme, na hatapigwa. Kisha siku hiyo ikifika, atimize neno lake.

Wapo wanaotegemea kanuni ya makampuni kwamba mtoto asifungue akaunti kabla ya kutimiza miaka 13. Kanuni hiyo ilitokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 iliyohusu ukusanyaji wa habari za watoto. Haikupima akili ya mtoto wala usalama wake. Na kufuli pia lina kikomo. Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, Serikali ya Uganda iliifunga Facebook, na katika miaka iliyofuata watu wengi walijifunza kuingia humo kwa programu za VPN, ambazo huficha mahali alipo mtumiaji. Kila mtu na awe na maoni yake juu ya amri ile. Kwa mlezi, jambo la kukumbuka ni kwamba kijana aliyekwisha kuupita mlango uliofungwa na dola hatashindwa na kufuli la nyumbani.

Shule nyingi za bweni za Mbarara na wilaya jirani haziruhusu simu. Ni utaratibu mwema kwa masomo, ila una upungufu wake: mwanafunzi hukaa muhula mzima bila simu na bila kufundishwa juu yake, kisha likizo huanza na hupewa yote kwa siku moja. Wiki ya mwisho ya muhula ingefaa kutumiwa na walimu kwa somo hili.

Kuhusu sheria, ile ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inamhesabu mtoto kuwa ni yule aliye chini ya miaka 18, na adhabu ya kutengeneza, kusambaza au kuwa na picha za ngono za watoto hufika kifungo cha miaka 15. Vijana wanaorushiana picha ya mwenzao kwa mzaha waelezwe hilo.

Mzazi akipata habari kwamba mtoto wake anatishwa, asilipe fedha, kwa maana anayelipwa hurudi. Ujumbe wa vitisho, namba na jina la akaunti vihifadhiwe, na picha yenyewe isitumwe kwa mtu mwingine, hata kwa jirani mwenye nia njema. Katika vituo vya polisi nchini Uganda kipo kitengo cha ulinzi wa watoto na familia, na namba ya simu ya watoto, Sauti 116, haitozwi malipo. Aidha ipo huduma ya Take It Down, iliyoanzishwa Februari 2023 na kituo cha NCMEC cha Marekani: huitengenezea picha alama ya utambulisho humo humo katika simu ya mtoto, na ni alama hiyo tu, si picha, inayopelekwa kwa makampuni yaliyokubali kushiriki ili waizuie isienezwe. Hayo yote yanaweza kungoja hadi asubuhi. Usiku ule wa kwanza mtoto asilale peke yake.