Ushuru Unapolinda Kiwanda na Kukiponza

Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka senti 20 za Marekani hadi dola 2.50 kwa kilo, ili viwanda vya ndani vipate nafasi ya kukua. Kwa mgeni aliyetaka kuweka mtaji katika kiwanda cha nguo Kigali, ilikuwa habari njema: mshindani wake mkubwa sokoni amebanwa.

Ila kiwanda cha namna hiyo huweza kutegemea pia soko la Marekani, ambako mpango wa AGOA uliruhusu nguo za Rwanda kuingia bila ushuru. Wauzaji wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao. Kenya, Tanzania na Uganda, zilizokuwa zimekubaliana na Rwanda kuondoa mitumba, zikalegeza msimamo. Rwanda ilishikilia wake, na Julai 2018 nguo zake zikanyimwa msamaha huo wa ushuru.

Tupige hesabu. Bila msamaha, fulana ya pamba wakati huo ilitozwa Marekani asilimia 16.5. Tuseme kiwanda kinaiuza kwa dola 4 na kupata faida ya senti 40. Ushuru ni senti 66. Anayeulipa forodhani ni mnunuzi, lakini akimtaka mwenye kiwanda apunguze bei kwa kiasi hicho, faida imegeuka hasara, ingawa mafundi na cherehani ni wale wale.

Kwa hiyo ushuru wa kulinda viwanda hupunguza hatari ya ushindani na kuleta hatari ya kulipiziwa na nchi nyingine.

Kutawanya mtaji katika nchi kadhaa husaidia, lakini si sana ikiwa mnunuzi ni mmoja. Tarehe 2 Aprili 2025 Marekani ilitangaza kwa mpigo ushuru mpya wa asilimia 50 kwa Lesotho, 47 kwa Madagaska na 10 kwa Kenya. Mwenye viwanda vya nguo katika nchi zote tatu aliguswa kotekote siku hiyo hiyo.

Kabla ya kununua hisa za kampuni ya ng'ambo, uliza bidhaa zake zinauzwa wapi, msamaha wa ushuru unaoitegemeza unaisha lini, na kama ingebaki na faida ikitozwa ushuru kamili. Ikiwa isingebaki nayo, weka fedha kidogo, kiasi ambacho kikipotea hutayumba.