Umbali wa Miili Si Umbali wa Jamii

Ni jambo lisilopingika kwamba janga la korona liliwageuzia walimu na wanafunzi wa nchi hii maisha kwa kasi isiyotarajiwa. Mnamo Machi 13, 2020, Wizara ya Afya ilitangaza kisa cha kwanza nchini Kenya. Siku mbili baadaye serikali ikaamuru taasisi za elimu zifungwe. Kufikia Machi 20, mabweni ya vyuo vikuu yalitakiwa kuwa matupu, na kuanzia Machi 27 kafyu ikawa inawarejesha watu majumbani kabla ya saa moja jioni.

Amri hizo ziliandamana na istilahi. Zipo zilizotufaa. 'Barakoa', kwa mfano, ni neno kongwe la mwambao lililotaja kifuniko cha uso walichovaa baadhi ya wanawake, hususan wale wenye nasaba na Oman. Lilifufuliwa, likapewa kazi mpya, na muda si muda hata mtoto wa chekechea akawa analitamka. Lakini ipo istilahi moja ambayo, kwa maoni yangu, ilitupotosha, nayo ni 'umbali wa kijamii'.

Tuitazame kwa makini. Mambo ya kijamii ni yale yanayowaunganisha watu wanaoishi pamoja: kujuliana hali, kuzikana, kukopeshana kibaba cha unga. Kwa hivyo anayehimizwa kudumisha umbali wa kijamii anaambiwa, tukifuata maana ya maneno yenyewe, ajitenge na wenzake katika mambo hayo yote. Ilhali virusi havijui ujamaa wala uhasama. Husafiri kwa matone na chembechembe zinazotoka puani na kinywani, hasa katika vyumba visivyo na hewa ya kutosha. Kilichohitajika ni umbali wa miili tu. Shirika la Afya Duniani lenyewe, mwezi huohuo wa Machi 2020, lilianza kupendelea istilahi ya umbali wa kimwili, kwa sababu watu walihitaji kubaki na uhusiano wao hata wakiwa mbali.

Huenda msomaji akaniuliza: je, haya si mabishano ya wanaisimu wasio na kazi? La hasha. Fikiria hali ya walimu. Wale walioajiriwa na Tume ya Kuajiri Walimu (TSC) waliendelea kupokea mishahara yao. Wenzao wengi wa shule za kibinafsi, pamoja na wale walioajiriwa na bodi za shule, walijikuta mikono mitupu, kwani karo ilipokoma mshahara nao ulikoma. Katika shule moja ya kibinafsi kaunti ya Kirinyaga, madarasa yaligeuzwa mabanda ya kuku na uwanja ukapandwa mboga. Mwalimu aliyezoea heshima ya chaki alilazimika kuanza biashara ndogondogo kando ya barabara, mbele ya macho ya wazazi wa wanafunzi wake.

Hapakuwa na aibu yoyote katika kazi hiyo. Kazi mbi si mchezo mwema. Aibu ilikuwa yetu sisi wenye mishahara tuliojifungia ndani, tukidhani kunyamaza ni sehemu ya kinga. Simu ya kumjulia hali mwenzako haikuambukiza mtu. Wala haikuambukiza kumtumia mia mbili kwa M-Pesa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki ile haikuhitaji tukumbatiane.

Nami niliyashuhudia haya katika kazi yangu. Somo langu ni fonetiki, na mwanafunzi wa fonetiki hujifunza kwa kutazama midomo na kusikiliza. Ghafla midomo ikafichwa na barakoa, na masikio yakategemea simu. Simu ya kawaida hupunguza mawimbi ya juu ya sauti, ambayo ndiyo hutenganisha [s] na [f]. Hivyo 'saa' na 'faa' hukaribia kuwa neno moja. Aidha, wanafunzi wengi walikuwa vijijini, ambako mtandao ni wa kubahatisha na bei ya data ni mzigo. Kilichowaokoa ni ushirikiano wao wenyewe. Aliyekuwa penye mtandao alipokea somo nililolirekodi, akaliandika kwa muhtasari, kisha akawatumia wenzake kwa ujumbe mfupi. Waliodumu masomoni si wote waliokuwa na simu za bei ghali, wengi walikuwa na mwenzao wa kuwauliza, "Leo umesoma?"

Swali hilo ndilo lililokosekana kwa wanafunzi wengi wa shule. Mnamo Julai 7, 2020, ilitangazwa kwamba mwaka huo wa masomo ungehesabiwa kuwa umepotea. Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 walirudi Oktoba 12. Wengine wakangoja hadi Januari 4, 2021. Kalenda ya kawaida ilirejea Januari 2023 tu. Masomo ya redio na runinga yalisaidia, lakini redio haimwiti mtoto kwa jina lake.

Je, tufanye nini kabla ya dharura nyingine kutufika? Kwanza, kila shule na iwe na orodha ya nambari za wazazi na majirani, na kila mwalimu apewe wanafunzi wachache wa kuwafuatilia shule zikifungwa. Pili, walimu wasio na ajira ya kudumu waanzishe vyama vya akiba, na wenye mishahara wajiunge navyo. Tatu, vyuo vya ualimu vifunze namna ya kufundisha kwa redio, kwa simu na kwa karatasi, wala si kwa kompyuta pekee. Nne, wanaotoa amri za dharura wawashirikishe wajuzi wa lugha mapema, kwani amri isiyoeleweka vyema hutiiwa vibaya.

Siku tutakapotakiwa tena kukaa mbalimbali, na tukae. Lakini walimu wenzangu, kabla jua halijatua siku hiyo, kila mmoja wetu awe amempigia simu mwalimu mmoja asiye na mshahara na mwanafunzi mmoja asiye na kitabu.